Mkalimani Aliyerudi Bila Habari Wala Mbuzi

Watu wa Garissa watakuambia kwamba Ogle Redio aliingiliwa na jini mwaka sitini na saba, kwamba jini lenyewe lilikuwa jike, na kwamba lilikimbia kwa kuogopa ngoma. Usiwasikilize. Mimi, Halkano, nilikuwa tarishi wa ofisi ile, nimekalia benchi la mlangoni miaka kumi na minne, na ngoma wanayoisema haikupigwa. Lililopigwa ni godoro. Nitafika huko.

Ogle alikuwa mkalimani wa serikali. Bwana DO, yaani afisa wa wilaya, alisema Kiswahili, wazee waliokuja na mashauri yao walisema Kisomali, na katikati alisimama Ogle, mrefu, mwembamba, shati jeupe juu na kikoi chini. Jina la Redio alipewa na mji mzima, naye hakulikataa. Bwana DO akisema maneno matatu, tuseme "Ngamia ni wake," Ogle alimgeukia mzee akaanza na Bismillahi, akapitia kwa nyanyake yule ngamia, akasimama kidogo kwenye ukame wa mwaka juzi, akataja mtu mmoja wa Banissa aliyekataa hukumu akaota nundu, ndipo ngamia akampata mwenyewe. Mzee alitoka pale ameshindwa kesi lakini roho yake imetulia, maana ameonekana kuwa mtu wa kuelezwa. Mimi wakati huo nilikuwa nalala. Nasema ukweli wangu, usingizi mtamu kuliko wote niliopata duniani niliupata kati ya "Bwana anasema" na mwisho wa alichosema bwana.

Tulimaliza kesi moja kwa siku. Tukijitahidi sana, mbili.

Ilikuwa wakati wa vita vya shifta, yaani waasi wa porini. Serikali ilitaka nchi ibaki moja, wengine walitaka upande wetu uende Somalia, na sisi wengine tulitaka kwenda sokoni na kurudi salama. Jua likizama hakuna kutoka nje. Kusafiri ni kwa kibali, na malori yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, kwa sababu ya mabomu yaliyofukiwa njiani. Ukienda Wajir uliagana na watu vizuri.

Sasa kuna jambo ambalo mgeni halielewi mpaka aelezwe. Huku mtu akitoka safari anapewa mkeka, anapewa chai, kisha anaambiwa, "Warran!" yaani toa habari. Naye anazitoa zote: mvua imenyesha wapi, kisima kipi kina maji, nani ameoa, ngamia wa nani wameonekana na wamekonda kiasi gani, amekutana na nani na huyo alikuwa akielekea wapi. Haruhusiwi kuruka kitu. Habari ya njia ni mali ya wote, na anayeificha ni mwizi kama mwizi mwingine. Sisi Waborana tuna desturi hiyo hiyo, ila yetu ina adabu zaidi.

Mwezi wa kwanza mwaka ule Ogle alitumwa Wajir kukalimani kwenye baraza. Mke wake, Kinsi, alikuwa muuza maziwa ya ngamia, mwanamke ambaye hata askari wa sokoni walimwomba njia kabla ya kupita. Alimwambia mumewe, "Wajir kuna mbuzi wazuri. Niletee mmoja, jike, mweupe, mwenye maziwa ya mtoto." Ogle akaahidi, akachukua nusu saa kuahidi, akapanda lori.

Wiki tatu baadaye msafara ulirudi umepungua lori moja. Lori la mbele lilikanyaga bomu, na dereva wake, Duale, alikufa papo hapo. Duale na Ogle walikuwa marafiki tangu utotoni, walisoma chuo kimoja cha Kurani na kuchapwa kwa fimbo moja. Ogle alikuwa kwenye lori la pili. Mji mzima ulisema alhamdulillahi, ukamzunguka na kumpapasa mbavu na miguu kama mnunuzi anavyopapasa mnyama sokoni. Hana hata mkwaruzo! Kila mtu alisema hivyo, na mimi nilisema kwa sauti kuliko wote.

Akaketi kwenye mkeka wake. Chai ikaja. Majirani walijaa hadi nje ya ua, mimi nikiwa mbele kwa heshima ya kazi yangu. Mama yake, bibi mmoja mfupi aitwaye Safiyo, akasema, "Haya, mwanangu. Warran."

Ogle akaitazama chai.

"Tumefika," akasema.

Tukangoja. Mzee mmoja akakohoa ili kumsaidia. Tukangoja tena. "Tumefika," akasema Ogle mara ya pili, akainuka akaingia ndani kulala, na ilikuwa saa nane mchana. Majirani walitazamana mpaka chai ikapoa. Redio imezimika! Na mbuzi hakuwepo. Kinsi alikwenda hadi malori yaliposimama, akachungulia la kwanza mpaka la mwisho, akarudi mikono mitupu.

Ofisini mambo yalikuwa mengine kabisa.

Siku ya kwanza alikuja mzee wa porini mwenye shauri la kisima. Alisema tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Alieleza nani alichimba, nani alifukia, nani aliteka usiku kama fisi, na mke aliyemwacha aliingiaje katika mambo hayo. Akameza mate, akanyamaza.

"Anasema nini?" akauliza Bwana DO.

"Anasema hapana," akasema Ogle.

Mzee alikuwa anajua neno hilo moja la Kiswahili. Alishika kichwa. Bwana DO naye akasoma hukumu ya kurasa tatu, kila aya na nambari yake, na Ogle akamgeukia mzee akamwambia kwa Kisomali, "Umeshindwa." Mzee akaja kukaa kwenye benchi langu akaniuliza kumetokea nini humo ndani. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefumba macho.

Basi tukaanza kumaliza kesi kumi na moja kwa siku. Mafaili yaliyolala tangu enzi za Mzungu yaliisha, panya waliozaliwa humo wakakosa makao. Bwana DO alikuwa kijana kutoka Machakos, mwenye miwani na soksi ndefu nyeupe, na alipenda kazi iishe kuliko alivyopenda chakula. Alituita sote akasema, "Mmemwona mwenzenu? Amekuwa makini. Igeni mfano wake." Makini! Mtu hali, halali, kazi ikiisha anabaki kwenye kiti akitazama ukuta, na ofisi nzima inamwita makini. Na mimi nilikuwemo. Nilikuwa nimepoteza usingizi wangu wa kazini lakini nikawa narudi nyumbani saa tisa alasiri, nikaona hasara na faida zinalingana. Naona haya mpaka leo.

Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Yaliyokuwa nyumbani kwa Ogle nilianza kuyasikia kupitia ua wa miti, kwa sababu tulipakana, na Kinsi hakuwa mtu wa kunong'ona. Mtoto akipakatwa, baba anamshika kama anayeshika mzigo wa mtu mwingine. Chakula kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Siku moja sokoni lori lilipigwa gia, likatoa mshindo, na Ogle akaingia mbio chini ya meza ya bibi mmoja muuza tumbaku, akajikunja humo, mikono masikioni. Yule bibi hakujua la kufanya. Akamfunika na gunia kwa heshima, akaendelea kuuza juu ya mgongo wake mpaka alasiri, na aliyeuliza aliambiwa, "Huyo ni mkalimani, anapumzika."

Tena kulikuwa na jambo la mbuzi. Mbuzi akilia, Ogle anaondoka pale alipo. Mahali pengine hilo lingekuwa jambo dogo. Garissa! Mji ambao ukirusha jiwe ukakosa mbuzi utampata mwenye mbuzi! Mtu yule alikuwa akihama kutwa nzima, kutoka kivuli hiki kwenda kile, mpaka anafika mtoni na hapo anakuta mbuzi wanakunywa maji.

Kwa hiyo tiba zikaanza. Mwalimu wa chuo alisoma juu ya kikombe cha maji, Ogle akanywa, akasema asante. Dresa wa zahanati alimpa vidonge vya malaria, akisema kwamba kama si malaria havitamdhuru. Havikumdhuru. Ndipo mama yake, Hooyo Safiyo, akatangaza kwamba hili ni jini na linahitaji ngoma.

Lakini ngoma zilipigwa marufuku. Askari waliamini kila ngoma ni ishara kwa shifta. Hooyo Safiyo, mtu wa kufuata sheria, akaja kwetu kuomba kibali. Karani akatafuta fomu ya kutoa jini akaikosa, akachukua iliyokuwa karibu zaidi, fomu ya kuhamisha mifugo. Nakumbuka ilivyojazwa, maana niliipeleka mezani kwa mkono wangu. Aina ya mnyama: jini. Idadi: moja. Jinsia: jike. Inatoka: nyumba ya Safiyo. Inakwenda: haijulikani. Bwana DO, ambaye hakujua Safiyo ni mama wa nani, aliisoma mara mbili akaandika pembeni kwamba ombi limekataliwa kwa sababu mahali pa kwenda hapakutajwa.

Kibali kimekataliwa, lakini ubani umeshanunuliwa na buni imeshakaangwa kwa samli. Basi wanawake wakaamua kupiga godoro. Waliliegemeza ukutani wakalipiga kwa ngumi, dufu, dufu, dufu, huku wakiimba kwa kunong'ona, na wanawake wenye miili yao wakicheza kwa ncha za vidole ili askari wa zamu wasisikie. Nilichungulia uani nikauma kilemba changu nisicheke. Ogle alikaa katikati, shuka kichwani, moshi wa ubani puani. Mwishoni kiongozi wao akamwinamia na kunong'ona, "Ewe jini! Sema! Unataka nini?"

Ogle akafikiri. "Godoro linatoa vumbi," akasema.

Hooyo Safiyo alilia kwa furaha. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema mwanawe kwa miezi miwili. Kinsi hakulia. Alibeba godoro lake, akalitoa nje, akaanza kulikung'uta kwa hasira ya peke yake.

Mwezi mmoja baadaye, siku ya Alhamisi, nilipewa barua nimpelekee Ogle nyumbani. Nilijua iliyomo, kwa sababu karani alitusomea. Ogle alikuwa amepandishwa cheo. Kwa sababu ya bidii yake na ufupi wake wa maneno, anakuwa mkalimani mkuu kule Mandera, na ataondoka na msafara wa Jumatatu.

Aliisoma akiwa amesimama. "Sawa," akasema. Kisha karatasi ikaanza kulia mkononi mwake, sauti ndogo kama ya panzi, kwa jinsi mkono ulivyotetemeka. Aliutazama mkono ule kama si wake. Kinsi aliona. Na mimi niliona, na hapo ndipo akili yangu nzito ilipofunguka: mtu huyu ameumia, ameumia tangu siku ile tuliyompapasa mbavu, na sisi tukatafuta jeraha mahali ambapo halikuwepo.

Kinsi akampokonya barua. "Shemeji Halkano, umeleta nini nyumbani kwangu?"

"Cheo, shemeji."

"Cheo? Njia ile ile, malori yale yale? Huyu hatafika Mandera. Kitakachofika ni shati lake. Kesho kutwa nakuja ofisini kwa bwana wako."

"Utamwambia nini? Kwamba mumeo anafanya kazi vizuri kupita kiasi? Na atakayekukalimania ni nani, kama si yeye mwenyewe? Utasema asubuhi nzima, naye atasema, 'Anasema salamu.'"

Kinsi akamtazama mumewe, kisha akatazama mbuzi wa jirani aliyekuwa anachungulia mlangoni. "Nitashtaki mbuzi," akasema. "Kesi ya ugonjwa serikali inaweza kuikataa. Kesi ya mbuzi haiwezi."

Jumamosi asubuhi akaja, mtoto mgongoni. Nyuma yake Hooyo Safiyo. Nyuma ya Hooyo Safiyo, Rukiyo, mjane wa Duale, ndani ya nguo nyeupe za eda. Eda yake haikuwa imeisha na hakupaswa kutoka nyumbani bila haja, lakini Kinsi alimwambia haja ipo, na Kinsi akisema haja ipo, ipo. Ogle alipomwona Rukiyo aliinamisha kichwa akakihesabu kila kidole cha mguu. Miezi mitatu hakuwa amepita mbele ya nyumba yake.

"Kesi gani?" akauliza Bwana DO.

"Mbuzi," akasema karani.

Uso wa Bwana DO ukachangamka. "Mkalimani, muulize anamshtaki nani."

Ogle akamuuliza kwa Kisomali. Kinsi akajibu neno moja.

"Anasema mkalimani," akasema Ogle.

"Mkalimani gani?"

"Huyu anayesema sasa, bwana."

Bwana DO alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alitutazama mmoja mmoja kuona kama kuna mkalimani mwingine kati ya hapo na Wajir. Hakuwapo. "Endelea," akasema.

Kinsi akaanza. "Mwambie bwana wako kwamba nilimtuma mume wangu mbuzi."

"Anasema alituma mbuzi."

"Mwambie mbuzi hakuja, na mume wangu naye hakuja. Aliyekuja simjui. Hali chakula. Hamtazami mtoto wake. Gari likinguruma anaingia chini ya meza ya tumbaku na kufunikwa gunia. Mkono wake unatetemeka. Mwambie autazame, unatetemeka sasa hivi."

Ogle akauficha mkono nyuma ya kikoi.

"Anasema nini?" akauliza Bwana DO.

"Anasema..." Ogle akakwama. Kazi ni kazi. "Anasema mumewe ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

Ogle akamgeukia mkewe akamuuliza, kama sheria inavyotaka: unasema mumeo ni mgonjwa wa nini? Na Kinsi, machozi yamemjaa, akamjibu, "Hilo ndilo ninalokuuliza wewe miezi mitatu sasa."

"Anasema niulizwe mimi," akasema Ogle polepole.

"Haya, basi muulize mshtakiwa mbuzi yuko wapi," akasema Bwana DO, ambaye bado alikuwa anafukuza mbuzi.

Ogle akageuka kushoto, mahali wanaposimama washtakiwa. Hakukuwa na mtu. Akafikiri, akapiga hatua mbili, akasimama pale mwenyewe. Akangoja kuulizwa. Hakuna aliyemuuliza. Akarudi hatua mbili kwenye nafasi ya mkalimani, akapauliza mahali patupu kwa Kisomali kizuri, "Mbuzi yuko wapi?" kisha akaenda haraka upande wa pili ili ajibu. Karani alicheka mpaka wino ukamwagika. Na mimi nilicheka, nisidanganye, nilicheka nikashika benchi. Ogle akasimama pale, mdomo wazi, hakuna kinachotoka.

Kinsi hakucheka. Alitandika shuka lake sakafuni, katikati ya ofisi ya serikali. Akamshika mumewe mkono ule unaotetemeka, akamketisha juu ya shuka, akaketi mbele yake.

"Warran," akasema.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wa huyu ulianza kwa sauti ndogo hata nikainuka kwenye benchi ili nisikie.

"Tulitoka Wajir siku ya Jumatano," akasema Ogle, "baada ya swala ya alfajiri. Malori sita. Mashariki kulikuwa na wingu lakini halikuwa na mvua."

Akaendelea hivyo, bila kuruka kitu. Ngamia waliowaona, na walikuwa na hali gani. Nyasi zilikofika. Kisha wakasimama kwenye kisima kimoja wapoze magari, na hapo Ogle alikutana na mzee aliyemjua marehemu baba yake, na mzee akamwomba habari za Garissa. Ogle akaanza kumpa. Kiti chake kilikuwa kwenye lori la mbele, kando ya Duale, na mbuzi mweupe wa Kinsi alifungwa nyuma juu ya magunia. Duale akapiga honi mara moja. Akapiga mara ya pili. Ogle alikuwa bado hajafika kwenye mavuno ya mtoni. Ndipo Duale akashuka, akamfungua mbuzi, akamweka kwenye kiti cha Ogle, akamfunga kitambaa cha Ogle shingoni na kumtoa kichwa dirishani. "Nakwenda na huyu!" akapaza sauti. "Huyu anaongea kidogo kuliko wewe!" Msafara mzima ukacheka, hata askari. Duale akaingia, akatia gia, akamwambia Ogle kupitia dirishani, juu ya kichwa cha mbuzi, "Maliza maneno yako! Nitakusubiri mbele."

"Nikapanda lori la pili," akasema Ogle. "Nilikuwa bado nacheka, Kinsi. Niliposikia ule mlio nilikuwa bado nacheka."

Hapo akalia. Sijawahi kuona mtu mzima analia vile, bila kujifunika, na hatukumwambia anyamaze. Miezi mitatu alikuwa amenyamaza kwa sababu ya mdomo wake uliomwokoa.

"Anasema nini?" akauliza Bwana DO. Akatazama huku na huku mpaka macho yake yakaniangukia. "Tarishi. Wewe umesikia. Anasema nini?"

Nikapiga saluti, sijui kwa nini.

"Anasema mbuzi alikufa, bwana."

"Saa nzima? Mbuzi alikufa tu?"

"Kuna mengine, bwana."

"Basi yaseme."

Mimi niliyelala miaka yote hiyo wakati wenzangu wakisema, nilisimama katikati ya ofisi nikayasema. Nilianza na Bismillahi. Nilianza na Jumatano, na malori sita, na wingu la mashariki, na Bwana DO alipoangalia saa yake sikumwonea huruma. Nilipofika kwenye kile kitambaa shingoni mwa mbuzi alikuwa ameweka kalamu chini. Yeye mwenyewe alishapita njia ile mara mbili. Niliposema, "Nitakusubiri mbele," sauti ilinikatika, na alinisubiri mpaka ikarudi.

Akachukua nakala ya barua ya Mandera akaifungia kwenye saraka. Kisha akaandika kwenye faili, na nililisoma baadaye nilipokuwa nalirudisha kabatini: Mbuzi, alikufa njiani. Mshtakiwa, ameumia njiani, apumzike nyumbani mpaka apone. Msafara wa Jumatatu uliondoka bila Ogle.

Hakupona siku ile. Ni nani anayepona siku moja? Alikaa nyumbani miezi mitano, na hata aliporudi kazini kulikuwa na siku njema na siku mbaya. Siku mbaya Kinsi aliweka kibuyu cha maziwa kimeinamishwa juu ya nguzo ya ua, nami nikipita asubuhi nakiona, nafika ofisini na kumwambia karani leo kesi fupi fupi tu, au leo hakuna kabisa, na hakuna aliyeuliza zaidi. Kibuyu kilipoonekana mara chache, kesi zilirudi kuwa mbili kwa siku, kisha moja. Mafaili yakajaa, panya wakarudi. Nami nikalala tena, ingawa si kama zamani. Nilikuwa nafungua jicho moja kumtazama mkono.

Lakini nimemruka Rukiyo, na kwetu kuruka ni wizi.

Siku ile ya kesi, Bwana DO alipokwisha kuandika, Rukiyo alikuwa hajasema neno. Alikuwa amekaa pembeni ndani ya nguo zake nyeupe. Ogle hakuthubutu kumtazama. Rukiyo akasogea mwenyewe mpaka kwenye shuka.

"Alikuwa anacheka?" akauliza.

"Alikuwa anacheka," akasema Ogle, akiiambia sakafu.

"Sana?"

"Mpaka kofia yake ikaanguka. Aliiokota, ikaanguka tena."

Rukiyo akajifuta uso kwa pembe ya nguo. "Miezi mitatu nimekaa ndani nikidhani alikufa akiogopa," akasema. "Ulikuwa na habari yangu, Ogle, ukakaa nayo."

"Nisamehe."

"Alikuambia umalize maneno yako. Mbona umenyamaza? Anakusubiri, hana haraka." Akaketi chini, akakunja miguu, akajipanga vizuri kama mtu aliyekuja kukaa. "Haya. Rudia tangu Wajir. Na safari hii usiseme tu malori sita, sema nani aliendesha lipi."

Nje kulikuwa na watu wa kesi kumi wanangoja juani. Bwana DO alitazama saa yake, akaivua, akaitia mfukoni. Ogle akapangusa pua, akasema Bismillahi.